Kofia Niliyoiombea Ishindwe

Baba yangu alikuwa mshona kofia hodari kuliko wote kisiwani Chole, na kofia aliyoivaa mwenyewe ilikuwa mbovu kuliko zote. Sisemi hivi kumvunjia heshima marehemu. Yeye mwenyewe alikuwa akiitania. Ilikuwa na tundu utosini, na ukingo wake umegeuka rangi ya chai kwa jasho la miaka. Mama akimwambia ajishonee nyingine, hujibu, "Yangu baadaye." Akashona ya kadhi, akashona ya akida, akashona za mabwana harusi ambao vichwa vyao, kwa maoni yangu, havikustahili hata pakacha. Yake ikawa ya baadaye mpaka homa ikamchukua.

Kofia zenyewe zilikuwa zile nyeupe za viua. Kwa asiyezijua, ni kofia ya bafta yenye matundu madogo madogo yaliyozungushiwa uzi, yakapangwa mpaka yakatoa nyota au ua au mawimbi. Ukivuta uzi sana, kitambaa kinakunja uso. Ukiulegeza, tundu linajifumba. Ukanda wa pembeni hudariziwa kwanza ukiwa umenyooka, kisha hufungwa mduara, ndipo kipande cha juu kinaposhonewa. Mwisho kofia hufuliwa, hutiwa wanga wa muhogo na huvishwa juu ya faruma, lile gogo lililochongwa umbo la kichwa, ikauke bila kusinyaa. Wanaume walishonea barazani ili waonekane. Mimi nilishonea uani. Baba hakujaaliwa mtoto wa kiume, naye hakuwa tayari kuzikwa na ujuzi wake kwa kuona haya.

Sasa kuna jambo moja ambalo lazima nilieleze, maana balaa lote lilianzia hapo. Kwetu kofia haikushonwa hivi hivi tu. Ilikuwa ya mtu tangu uzi wa kwanza. Mteja akija, baba humzungushia kichwani chane ya ukindu, kile kipande chembamba cha jani lililochanwa, hupiga fundo ilipokutana, kisha huitundika ukutani. Ukuta wetu mmoja ulikuwa na vichwa vya nusu ya Chole, na vingine vya Utende na Bwejuu. Chane ya mtu haikupewa mtu mwingine, maana mwenye nia mbaya angeweza kuifanyia mambo. Mtu akifa, chane yake huzikwa naye.

Chane ya baba nayo ilikuwepo, imejaa vumbi, ikingoja hiyo baadaye. Siku ya mazishi baba mdogo, ndugu yake baba aliyekuwa akiishi Utende, aliniambia nimpe akaizike. Nikampa ya mzee mmoja wa Bwejuu ambaye tangu apimwe hakurudi kuulizia kofia yake. Najua, nilifanya vibaya. Mzee huyo alitokea mwaka uliofuata, mzima wa afya, akasema kichwa kilikuwa kikimsumbua kidogo. Nikampima upya bila kumtazama usoni.

Ya baba niliificha kwa sababu mimi na mama tulikuwa tumekubaliana. Hitima ya mwaka ingefika na kofia yake ikiwa tayari, nzima, kwa kipimo chake. Siku hiyo mwalimu wa chuo cha Kurani angeivaa akisoma, kisha angeondoka nayo, iwe sadaka ya marehemu. "Alitembea na tundu maisha yake yote," mama alisema. "Hatasomewa na tundu." Kichwa cha mwalimu kilikuwa kidogo, na kofia ingeshuka mpaka masikioni, lakini masikio yale yalikuwa na uwezo wa kuizuia. Nilishona miezi mingi, nikafumua, nikashona tena. Nilitia nyota alizozipenda baba, zile ndogo zinazofuatana bila kugusana. Sikuwahi kushona kitu kizuri namna ile, na sijashona tena.

Ilikuwa juu ya faruma dirishani, imekauka, siku akida alipopita na askari wake. Siku hizo boma la Wadachi, yaani Wajerumani, lilikuwa bado Chole, halijahamia Kilindoni, na Bwana Mkubwa wa boma alikuwa ameamua kufanya maonyesho ya kazi za mikono. Kila nyumba inayojulikana kwa kazi ilete kitu kimoja, kipya, kisichotumika. Mikeka ishindane na mikeka, kamba na kamba, kofia na kofia. Kitakachoshinda kitabaki bomani na kwenda Ulaya pamoja na Bwana Mkubwa akienda likizo. Vitakavyoshindwa vitarudi kwao.

Nilimwamkia akida, nikamwambia nyumba hii haina kofia tena, mshonaji amekufa.

"Na ile dirishani ni nini?" akauliza. "Chungu?"

Akaiandika. Maonyesho yalikuwa baada ya siku kumi. Hitima ya baba ilikuwa wiki tatu baada ya hapo.

Kushona nyingine kwa siku kumi ni jambo la kumwambia mtu asiyewahi kushika sindano. Kwa hiyo palibaki njia moja, kofia yangu ishindwe, irudi nyumbani. Wazo la kwanza lilikuwa kuiharibu. Nilishika sindano nifumue nyota mbili tu, kisogoni, mahali ambapo jicho la mwamuzi lingeona na la mwalimu wa chuo lisingejali. Nikaketi nayo tangu adhuhuri mpaka alasiri. Mama akanitazama, akasema, "Huwezi." Nikairudisha kwenye faruma. Nilijichukia kwa hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Basi kama yangu haiwezi kuwa mbaya, ilibidi ya mwingine iwe nzuri zaidi. Nikavuka kwa mtumbwi kwenda Utende kwa baba mdogo.

Baba mdogo alikuwa naye mshona kofia, wa pili daima, na alikuwa amechoka kuwa wa pili. Ndugu yake alipokufa alilia kwa dhati, nilimwona, lakini pia alianza kutembea kifua mbele zaidi. Washonaji wanaume walikuwa wamezipata habari za maonyesho miezi kabla yetu, na nilimkuta barazani akimalizia kudarizi ukanda mrefu, na katikati ya ukanda, mahali ambapo pangekuwa kipaji cha uso, alikuwa ametia tai wa bendera ya Wadachi. Nilimtazama tai huyo kwa muda. Mabawa alikuwa nayo. Lakini tumbo lilikuwa la kuku anayekaribia kutaga.

"Unaonaje, mwanangu?" akaniuliza.

"Baba mdogo," nikamwambia, "hakuna atakayekushinda." Niliomba iwe kweli.

Tabu yake ilikuwa moja, nayo ilikuwa ikiwasumbua washonaji wote. Kofia ya kushindania ni ya kichwa cha nani? Mmoja alikuwa akishona kwa kichwa cha mwanawe, mwingine kwa kichwa cha imamu, apate baraka. Baba mdogo alikuwa mjanja zaidi. Alitaka kushona kwa kichwa cha mwamuzi mwenyewe. Bwana Mkubwa alijulikana kwa kupenda kujaribu vitu. Akikutana na mkeka huulalia, akikutana na kiti hukikalia. Akiivaa kofia na ikamkaa, mashindano yamekwisha. Ila nani angethubutu kumzungushia Mdachi chane kichwani?

"Niachie mimi," nikasema.

Kila Jumatatu nilikuwa nikipeleka mayai jikoni bomani. Jumatatu ile nilipita upande wa varanda, na pale kitini palikuwa na chapeo yake, ile kofia ngumu nyeupe ya Kizungu, imelala chali imefungua kinywa. Mwenyewe alikuwa ndani akikoroma. Nilitoa chane, nikaizungusha ndani ya chapeo, nikifuata ukuta wake sawasawa kama baba alivyonifundisha, nikapiga fundo. Ndani mlikuwa na utepe wa ngozi uliokuwa ukinizuia, nikapitisha vidole nyuma yake ili nipate kipimo kizuri. Nilijiona fundi kweli kweli. Nilimpelekea baba mdogo chane siku hiyo hiyo, akaishika kwa mikono miwili.

"Hiki ni kichwa," akasema. "Ndiyo maana wanatutawala."

Akafunga ukanda kwa kipimo hicho, akashonea kipande cha juu, akatia wanga. Hakuwa na faruma la ukubwa ule. Akaikaushia juu ya mtungi wa maji.

Siku ya maonyesho uwanja wa boma ulijaa mpaka popo waliokuwa wamelala mitini wakaamka na kulalamika. Palikuwa na mikeka, makawa ya kufunikia chakula, kamba za kumbi zilizoviringwa, nazi moja kubwa ambayo mwenyewe aliilinda kwa fimbo, na jogoo aliyeingizwa katika kundi la vyombo vya udongo bila mtu kujua kwa nini. Kofia zilikuwa saba, kila moja juu ya mtungi wake. Mimi nilisimama nyuma ya mtungi wangu nikiwa nimejitanda ushungi mpaka machoni, nikisoma kila dua niliyoijua. Nadhani nilikuwa mtu wa kwanza pale Chole kumwomba Mungu amjalie kushindwa.

Bwana Mkubwa alianza na mikeka, akailalia miwili. Kisha akaja kwenye kofia, chapeo yake kwapani, na kama tulivyotabiri, tai alimwita kwanza. Uso wake ulifurahi. Akainyanyua kofia ya baba mdogo kwa vidole vya adabu, akaivaa.

Ikashuka. Ikapita kipaji cha uso, ikapita nyusi, ikapita macho, ikasimama puani. Bwana Mkubwa wa boma alisimama katikati ya raia wake bila uso, na mahali pa uso palikuwa na kuku mwenye mabawa. Hakuna aliyecheka. Askari mmoja alianza kukohoa, akaendelea kukohoa mpaka akaruhusiwa kuondoka. Ndipo macho yangu yakaenda kwenye chapeo ile pale kwapani, na nikaona nilichokuwa nimekipitishia vidole. Ule utepe wa ngozi ulikuwa umeshikizwa kwa vipande vya kizibo, umesimama mbali na ukuta, hewa ipite. Kofia yao haikugusa kichwa. Ilikuwa nyumba, na kichwa kilikaa chumba cha ndani. Sasa nani kwetu angefikiria mtu avae kofia isiyomgusa?

Baba mdogo alinitazama. Sitalisahau lile jicho.

Bwana Mkubwa aliivua akiwa mwekundu, akajaribu ya imamu, ikakaa utosini kama kifuniko cha birika. Akaja kwenye yangu. Nilitaka kuukumbatia mtungi nikimbie. Aliivaa, akaigusa huku, akaigusa huku, akatulia. Ilimkaa. Haikubana, haikupwaya, ilimkaa kana kwamba baba alizaliwa na kichwa kile kwa kuazimwa tu. Watu wa Chole waliokuwa wakimjua baba walitazamana. Upande wa wanawake mama alikaa chini mchangani, taratibu.

"Hii," Bwana Mkubwa akasema.

Nilijitosa. Nilimwambia akida, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, kwamba kofia ile ni ya baba yangu. Bwana Mkubwa alijua Kiswahili cha kutosha, hakumngoja mkalimani.

"Baba yako yuko wapi?"

"Amekufa, Bwana."

"Basi haihitaji," akasema, bila ubaya wowote, akaenda kutazama nazi.

Nilipewa mkasi wa Ulaya na karatasi yenye muhuri. Mkasi ulikuwa mzuri, siwezi kuusingizia. Karatasi mbuzi wa jirani aliila siku ya tatu.

Jioni hiyo baba mdogo alikuja kwetu. Alisema nimemshonea aibu kwa makusudi ili nishinde mimi. Nikamwambia nilitaka ashinde yeye, nikamweleza habari ya hitima na ya sadaka. Akasema uongo gani huu, mtu atake kushindwa. Nikamwonyesha mama aliyekuwa akilia. Akaondoka, na hakurudi kwa wiki mbili. Baadaye nilisikia kuku wake wanataga ndani ya ile kofia, na kwamba tai amewakubali.

Wiki hizo ndizo zilizonitesa. Bwana Mkubwa aliipenda kofia. Kila alasiri jua likipoa, aliiacha chapeo, akaivaa ya baba, akatembea njia zote za Chole na fimbo yake. Ungekuwa unachota maji, unainua macho, na nyota za baba zinapita juu ya ukuta. Siku moja mimi na mama tulikutana naye, tukienda kuchota maji, penye njia nyembamba ya kwenda msikitini. Mama alisimama kando, akainamisha kichwa.

"Shikamoo."

"Marahaba," akajibu Bwana Mkubwa, amefurahi kuwa analijua neno. Akapita.

Nilimwuliza mama tangu lini anamwamkia Mdachi shikamoo, Mdachi mwenyewe anaweza kuwa mwanawe.

"Sikumwamkia yeye," mama akasema.

Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Kisha nikaona kwamba hacheki, nami nikaanza kulia, na tukarudi nyumbani bila kuchota hayo maji.

Siku ya hitima ikafika. Tulitandika mikeka uani baada ya sala ya alasiri. Mwalimu wa chuo alivaa kofia yake ya siku zote. Baba mdogo alikuja, akakaa bila kunitazama, lakini alikuwa ameleta mchele. Mama aliitoa ile kofia mbovu ya baba, akaishika mapajani, kidole kimeingia kwenye tundu. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Mimi ndiye niliyeweka kofia dirishani, mimi ndiye niliyepima chapeo, na sasa baba alikuwa akisomewa na tundu lake vilevile.

Walikuwa wamefika katikati ya kisomo nilipoiona kofia ya baba juu ya ua wa makuti. Bwana Mkubwa alikuwa katika matembezi yake. Aliposikia sauti alisimama, akamwuliza askari wake. Askari akamwambia watu wanamkumbuka maiti. Bwana Mkubwa akasogea mpaka penye mwanya wa ua, akavua kofia, akaishika kifuani kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. Nywele zake zilikuwa chache, zimelowa. Baadaye niliambiwa kwamba kwao ndiyo heshima, mtu kumvulia maiti kofia. Wakati ule nilichokiona ni mtu aliyekuja kusimama kichwa wazi kwenye hitima ya baba yangu, na kofia ya baba mkononi.

Mama aliinuka. Alipita mbele ya wanaume waliokaa, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya na sikumwona tena, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye mwanya wa ua. Kisomo kilififia. Alisema kwa sauti ile ile aliyokuwa akimwitia baba chakula, isiyo kali wala laini.

"Ivae."

Bwana Mkubwa alimtazama.

"Ivae, Bwana. Hapa hasomewi mtu kichwa wazi."

Askari alitaka kumsogeza mama, Bwana Mkubwa akamzuia kwa kiganja. Sijui alielewa nini. Aliivaa. Mama aliitazama, akatikisa kichwa, akanyoosha mikono yake miwili juu ya ua. Akaishika kofia kichwani mwa Mdachi na kuizungusha, kwa sababu wiki zote hizo alikuwa ameivaa nyuma mbele, mshono ukiwa usoni.

"Mshono hukaa kisogoni," akamwambia. Akaibonyeza kidogo pande zote mbili, kama alivyokuwa akimfanyia baba kila Ijumaa kabla hajatoka, hata na ile yenye tundu. Kisha akarudi kukaa.

Mwalimu akaendelea. Bwana Mkubwa hakuondoka. Alisimama pale pale mpaka mwisho, mikono kando, nyota za baba zimemzunguka kichwa, na dua ilipoombwa kila mtu uani alijua anatazama wapi. Baba mdogo aliitikia amina kwa sauti kuliko wote, akajifuta uso kwa kanzu. Askari alipelekewa sahani mbili za wali, na Bwana Mkubwa akala ya kwake amesimama. Halafu akaaga kwa kuinamisha kichwa, safari hii bila kuivua, na baada ya siku chache meli ikamchukua yeye na kofia. Sijui iko wapi leo. Labda iko ndani ya sanduku la kioo na mshono uko mbele.

Watu walipoondoka niliitoa chane ya baba darini, nikamwambia mama kwamba kesho nitaipeleka kaburini ikazikwe, imekwisha kazi. Alikuwa akikusanya sahani. Ile kofia yenye tundu alikuwa ameifunga kiunoni mwake, ndani ya pindo la kanga.

"Ndiyo, kaizike," akasema. "Baadaye yake imefika."

Kisha akaniambia nikunje mikeka kabla umande haujaingia.